Simu Ilale Sebuleni

Wazazi wa Iyula, huku Mbozi, huniuliza jambo moja kwa namna nyingi. "Huyu mtoto kutwa yuko na simu, ubongo wake hautaharibika?" Wanafunzi nao wana lao: "Shikamoo mwalimu. Nasoma mpaka saa sita usiku, lakini nikikaa kwenye chumba cha mtihani sikumbuki kitu." Naona maswali haya yanatoka mlango mmoja, kwa hiyo nayajibu pamoja.

Ninapoandika nina nyumba ya kawaida ya huku kwetu akilini: simu janja moja, mara nyingi ya baba au ya kaka mkubwa, watoto wawili watatu wanaosoma, shamba la kahawa, sola ndogo juu ya paa, au umeme ambao siku nyingine haupo. Kama kwako kuna kompyuta na chumba cha kusomea, chukua yanayokufaa uache mengine.

Jibu fupi kwanza

Ubongo hauozi kwa sababu ya simu. Mambo matatu ndiyo yanayomharibia mwanafunzi masomo.

La kwanza ni kukatizwa. Ukiacha hesabu kusoma ujumbe kisha ukairudia, sehemu ya mawazo hubaki kwenye ule ujumbe. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Sophie Leroy, alionyesha hilo kwa watu waliohamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine: waliohamishwa kabla hawajamaliza ya kwanza waliifanya ya pili vibaya zaidi. La pili ni usingizi kuibwa. La tatu ni kuzoea kutafuta kila kitu kwenye simu, mpaka kichwa kinaacha kujitafutia.

Nadharia imeishia hapo. Sasa tufanye kazi.

"Lakini mwalimu, anaisomea!"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kuliko zote, na ina ukweli ndani yake. Umeme ukikatika, au betri ya sola ikiisha, mtoto anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anawasha tochi, anafungua daftari. Simu ndiyo taa. Tazama kinachofuata. Dakika kumi hazijapita, ujumbe unaingia. Mtoto haendi popote, maana simu iko mbele ya pua yake na ndiyo inayommulikia daftari. Anagusa "aone tu ni nani". Kutoka hapo anaingia kwenye video fupi, na zile video zimetengenezwa zisiwe na mwisho. Ukimaliza moja, nyingine imeshaanza. Saa mbili na nusu anafunga daftari akiwa na uhakika kwamba amesoma.

Usimwite mwongo. Kweli alikaa na daftari muda wote huo.

Dawa ni kutenganisha taa na simu:

- Tafuta taa ya sola ya mezani, au tochi ya kawaida ya betri. Kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza yenye tochi, nacho kinatosha.
- Kama simu janja ndiyo taa pekee mliyo nayo, zima data kabla ya kuwasha tochi, toa sauti na mtetemo, kisha ilaze skrini ikitazama mbali na mtoto.
- Kama ni simu yake na una wasiwasi, mwambie atoe laini akupe. Tochi haihitaji laini.
- Ukiwa unasubiri simu ya muhimu, kaa nayo wewe. Usimpe mtoto kazi mbili, ya kusoma na ya kupokea.

Wapo watakaosema kwamba kuizima data kunatosha hata simu ikibaki mezani. Kunasaidia, ila kuiweka chumba kingine ni bora zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliwapa mamia ya watu majaribio ya kufikiri. Simu zilikuwa zimenyamazishwa. Wengine waliziweka mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Waliofanya vizuri ni wale wa chumba kingine. Nikuambie pia kwamba waliorudia jaribio hilo baadaye, baadhi yao hawakuona tofauti kubwa kiasi hicho. Mimi bado nashauri chumba kingine, kwa sababu nyepesi tu: kitu ambacho mkono haukifikii, hukigusi.

Jioni ipangwe hivi

Mwanafunzi wa shule ya kata anarudi nyumbani amechoka. Kuna maji ya kuteka, kuni, mboga ya kupika. Kumwambia "soma usiku kucha" ni kumwonea. Jaribuni mpango huu wiki mbili mfululizo kabla hamjasema haufai:

1. Kazi za nyumbani ziishe kabla ya saa moja usiku. Wavulana wabebe sehemu yao. Msichana anayeosha vyombo mpaka saa tatu hawezi kufaulu kwa maombi peke yake.
2. Saa moja, simu zote za nyumba ziwekwe mahali pamoja sebuleni. Nimesema zote.
3. Asome dakika 30 somo moja, apumzike dakika tano, aanze tena. Mapumziko ni kusimama, kunywa maji, kutoka nje kidogo. Simu isiguswe wakati huo. Dakika tano za kuskroli hugeuka nusu saa.
4. Kama kuna jambo linalohitaji simu, aliandike kwenye karatasi na kuendelea. Mwisho wa kusoma atafute yote kwa mkupuo, dakika kumi na tano, akiwa sebuleni.
5. Saa tatu usiku alale.

Najua mtu ameshtuka hapo namba tano. Tuizungumze.

Saa tatu? Huyo si mvivu?

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mapendekezo mwaka 2016: kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku, mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Sasa piga hesabu ya kwako. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili atembee mpaka shuleni, akilala saa tatu usiku amepata saa nane kamili. Akilala saa sita amepata tano. Kesho yake mwili utakuwa kwenye dawati, yeye hayupo.

Na si uchovu peke yake. Tunapolala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyashikiza ya mchana. Mkulima wa Mbozi hili halimsumbui kulielewa: kahawa uliyoichuma vizuri na kuiosha vizuri, ukiianua kwenye kichanja kabla haijakauka, inavunda ghalani. Mwanafunzi anayekesha anaanua kabla ya wakati.

Adui mkubwa wa usingizi kwetu ni baridi ya Juni na Julai. Kila mtu anaingia kitandani mapema, nyumba inatulia, na mzazi anafurahi kwamba watoto wamelala. Inua blanketi. Utakuta mwanga wa bluu na uso wa mtoto katikati, kaweka hedifoni sikio moja ili asikie ukikohoa. Mwanga ule wa karibu na macho huuchelewesha mwili kujiandaa kulala, na kinachotazamwa huuchangamsha zaidi. Kwa hiyo:

- Simu isilale chumba cha watoto. Ilale sebuleni au kwa mama.
- Chaja nayo ikae huko huko. Simu huifuata chaja.
- "Naihitaji kwa alamu" si sababu. Saa ya mezani inaamsha, mama anaamsha, na jogoo wapo.
- Chati za kundi la darasa zinazoanza saa nne usiku zijibiwe kesho. Hakuna swali la Jiografia linalokufa kwa kulala.

Kusoma bila kujiuliza ni kutazama

Hapa nazungumza na wewe mwanafunzi. Kuna mazoea yameingia ambayo yananitisha kuliko TikTok: kupiga picha ubao, au kupiga picha daftari la mwenzako, kisha kusema "ninazo notisi". Huna notisi, una picha. Mkono haujaandika, na kichwa hakijachagua lipi ni la msingi na lipi ni maelezo tu. Picha zinarundikana kwenye simu pamoja na za harusi ya dada yako, na hutazifungua mpaka Oktoba.

Mazoea ya pili ni kusoma notisi zilezile mara tano mpaka zinaonekana rahisi. Zinaonekana rahisi kwa sababu umezizoea. Kuzijua ni habari nyingine. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena. Jingine lilifunika karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56 ya habari, waliorudia kusoma asilimia 42. Mtihani wa Baraza la Mitihani hauji baada ya dakika tano.

Fanya hivi:

- Soma ukurasa mmoja. Funga daftari. Andika au sema kwa sauti unachokumbuka, hata kama ni kidogo. Fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.
- Ukikwama, vumilia dakika mbili tatu kabla ya kufungua kitabu. Kule kuhangaika ndiko kunakokifanya kitu kikae.
- Rudia somo hilo kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Usilirundike lote siku moja.
- Mweleze mdogo wako. Ukishindwa kumweleza usanisinuru mtoto wa darasa la tano, hujauelewa bado.

Na kama umepiga picha, sawa, lakini siku hiyohiyo inakili kwa mkono kwa maneno yako. Vinginevyo ifute, usijidanganye.

Simu ikitumika vizuri

Mtu asinielewe kwamba nataka simu zitupwe mtoni. Shule nyingi za kata zina uhaba wa vitabu na walimu wa sayansi, na simu moja yenye bando dogo inaweza kuziba pengo ambalo mzazi hawezi kuliziba. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo wanaeleza, swali kwa swali, watahiniwa wa miaka iliyopita walikosea wapi na kwa nini. Nashangaa wanafunzi wachache kiasi gani wamewahi kuzifungua, ilhali zinaonyesha msahihishaji anataka nini. Kwa kidato cha kwanza, anayetoka kusoma kwa Kiswahili na kuingia kwenye Kiingereza, kamusi ya simu inayofanya kazi bila intaneti ni mkombozi.

Siri ni kupakua mchana na kusoma usiku data ikiwa imezimwa. Au nakili maswali kumi kwenye daftari, urudishe simu.

Kuhusu ChatGPT na akili mnemba nyinginezo, kanuni yangu ni moja: jibu lako kwanza, la mashine baadaye. Andika insha, kokotoa hesabu, kisha iulize ulipokosea. Ukianza nayo, zoezi limefanywa na asiyefanya mtihani. Na kumbuka hukosea kwa kujiamini kabisa. Ikikupa mwaka au kanuni, ithibitishe kwenye kitabu.

Msimu wa kahawa

Kahawa yetu huiva kuanzia katikati ya mwaka, na kidato cha pili na cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba. Darasa la saba wako mapema zaidi, Septemba. Maana yake ni kwamba kazi za shamba, fedha ya kahawa kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika, na maandalizi ya mtihani vinaingia nyumba moja miezi ileile. Huo ndio wakati kijana anataka simu mpya, na baba, akiwa na hela mkononi na roho nyeupe, anaahidi. Gari la kwenda mjini Tunduma linapita, maduka ya simu yako wazi.

Ombi langu: isubiri Novemba ipite. Kama ulishaahidi, timiza ahadi, ila siku ya kukabidhi iwe baada ya karatasi ya mwisho.

Vipi kuhusu aliyenunua kwa pesa yake, ya kuchuma kahawa ya watu? "Mama, hii nimeitolea jasho mwenyewe." Kweli ni yake, na ukimnyang'anya atanunua nyingine na kuificha. Kaeni chini mkubaliane mambo matatu tu: haiendi shule, haiingii kitandani, na saa moja hadi saa tatu usiku iko sebuleni na za wengine. Mengine muachie. Anayeona haki yake imeheshimiwa hulishika sharti kwa urahisi kuliko aliyepigwa.

Wanaokaa geto

Kwa mwanafunzi aliyepangishiwa chumba karibu na shule, mambo ni magumu zaidi, maana hakuna mama wa kuinua blanketi. Mzazi, mpe kitochi cha kupiga na kupokea, usimpe simu janja. Kama wanakaa wawili au watatu, waambie wawekeane utaratibu: mmoja anakusanya simu saa moja, anazirudisha asubuhi, kwa zamu. Vijana hutiiana wao kwa wao kuliko wanavyotii ujumbe wa baba. Muombe mwenye nyumba awe jicho lako, na upite bila taarifa. Usipite na fimbo. Pita na unga na maharage, ukae, uangalie madaftari.

Hapohapo muulize mtoto kuhusu mikeka ya kubeti. Kubeti ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, lakini laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka haiulizi umri wa aliyeishika. Anayesubiri matokeo ya mechi sita hawezi kusoma Kemia, hata simu ikiwa chumba kingine. Hela ya matumizi ikiisha mapema kila wiki, anza kuulizia huko.

Makosa ninayoyaona kwa wazazi

- Kuvunja simu kwa hasira. Umepoteza mali, na mtoto kajifunza kujificha.
- Kuwa na sheria ya watoto peke yao. Baba anaskroli wakati wa kula, halafu anahubiri. Watoto wana macho.
- Kumtuliza mdogo kwa katuni ili upike. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua jiko la kuni na mtoto anayelia ni mtihani. Mpe sufuria na mwiko apige ngoma.
- Televisheni kuwashwa kwenye chumba ambacho mwingine anasomea. Zima, au msomaji ahamie jikoni.
- Kuitumia simu kama zawadi ya kusoma: "soma saa moja nikupe." Atasoma akitazama saa.
- Kuanza sheria kumi kwa mpigo. Anza na moja, ya simu kulala sebuleni. Ikishika, ongeza.

"Mbona wa mjini wana simu na wanafaulu?"

Wapo. Wapo pia wanaofeli nazo, ila hao hawatajwi. Usimpime wako kwa mtoto wa Tunduma mwenye umeme, mwalimu wa ziada na shule iliyo mlango wa pili. Huyo akipoteza saa moja usiku ana nyingine mchana. Wako anayetembea mbali na kuchuma kahawa Jumamosi ana saa mbili za kusoma kwa siku, labda pungufu. Ukimwachia simu izile hizo, hana pa kuzifidia.

Kama mtihani uko mlangoni

Umebakiza wiki tatu na mtoto bado anakesha na simu? Usimkatie ghafla usiku wa kwanza. Atalala akigeukageuka na kesho atakuwa mkali. Sogeza nusu nusu saa: leo simu iondoke saa nne, baada ya siku mbili saa tatu na nusu, kisha saa tatu. Siku za kwanza atalalamika kwamba hapati usingizi na kwamba anachoka kusoma bila kupumzikia simu. Mvumilie, usijibishane naye. Wiki ya mtihani laini zikae kwa mama, na atakayempigia kumtakia heri apige kwa mama.